Mapishi ya Kitabuni Kwenye Jiko la Lamu

Mwandishi wa kitabu cha mapishi alikuwa na jiko lake, unga wa dukani kwake na chumba chenye joto la kwao. Mengi ya hayo hakuyaandika, kwa kuwa kwake ni mambo ya kila siku. Pishi hilohilo likifika Lamu, mji ambako siagi imevuka maji kutoka Mokowe, gati ya bara, na chumba kina joto la nyuzi 30 saa nne asubuhi, keki huzama na mchuzi hukatika ingawa mpishi amefuata kila mstari. Kazi ya kwanza basi ni kuyatafuta yale ambayo kitabu kimeyanyamazia.

Soma kabla ya kuwasha moto

Lisome pishi lote hadi mwisho, kisha urudi juu ukiwa na kalamu ya risasi. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni kitabu kilikotoka. Kikitaja Fahrenheit, wakia na "stiki" ya siagi, ni cha Marekani: stiki moja ni gramu 113. Kikitaja namba za moto wa gesi (gesi 4, gesi 6), ni cha Uingereza: gesi 4 ni nyuzi 180 za Selsiasi, gesi 6 ni 200. Fahrenheit 350 ni karibu 177, nawe chukua 180. Kitabu kikisema oveni ya feni, ongeza nyuzi 20 kama yako haina feni.

La pili ni saa zilizofichwa. Maneno kama "choroko zilizolowekwa" au "nyama iliyokaa kwenye viungo" huwekwa kwenye orodha ya vifaa, wala hayamo kwenye muda ulioandikwa juu ya ukurasa. Na ukiona "kaanga vitunguu hadi viwe kahawia, dakika 5", usiamini. Vitunguu vitatu vikubwa, kwenye mafuta ya kutosha na moto wa wastani, huchukua dakika 15 hadi 25 kufikia rangi ya pilau. Ukivitoa dakika ya tano utapata pilau nyeupe isiyo na ladha, halafu utaongeza viungo bure.

La tatu ni ukubwa wa chombo. Tini ya keki ya duara yenye upana wa sentimita 20 na ile ya 25 zinaonekana kama ndugu, lakini ya pili ina eneo mara moja na nusu na zaidi. Rojo ya tini ndogo ukiimimina kwenye kubwa itakuwa nyembamba na kukauka kabla haijapata rangi.

Vipimo

Nunua mizani ya jikoni kabla ya kununua kitabu cha pili. Kikombe cha kitabu cha Marekani ni mililita 240, cha vitabu vingine ni 250, na kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa chochote. Kukijua chako ni rahisi: kiweke juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, jaza maji. Gramu za maji ndizo mililita zake. Kama huna mizani, chukua pakiti ya maziwa ya nusu lita iliyo tupu, ijaze maji, uone inajaza vikombe vingapi.

Kwa kikombe cha mililita 240, unga wa ngano ni gramu 120 hadi 125, sukari nyeupe 200, siagi 227. Unga ndio wenye hila. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kutoka kwenye mfuko unashindilia, na unaweza kupata gramu 150. Kwenye vikombe vitatu umeshaongeza gramu 75 bila kujua, na keki inakuwa ngumu. Mimina unga kwa kijiko ndani ya kikombe, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu.

Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5 na cha mezani ni 15, isipokuwa vitabu vya Australia, ambako cha mezani ni 20. Vijiko vya kulia vilivyomo kabatini havilingani, hivyo usivitumie kupimia hamira wala chumvi.

Mayai pia yapimwe. Kitabu kikisema yai kubwa, kinamaanisha gramu 50 hivi bila ganda. Mayai ya kuku wa kienyeji mara nyingi ni madogo kuliko hapo. Vunja, koroga, pima: mayai matatu ya kitabu ni gramu 150, iwe umetumia matatu au manne.

Maji nayo huonjwa. Maji ya mji wa Lamu hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, lakini visima vingine vina chumvichumvi. Kama maji yako yana ladha ya chumvi, punguza chumvi ya kitabu kwa robo kwenye unga na wali, kisha onja.

Joto la chumba

"Siagi iwe ya joto la chumba," kinasema kitabu. Chumba cha aliyeandika ni nyuzi 18 hadi 20. Huku, siagi iliyoachwa mezani wakati wa kaskazi, msimu wa joto, inakaribia kuyeyuka. Siagi ya namna hiyo haishiki hewa unapoipiga na sukari, na hewa hiyo ndiyo mwanzo wa kuumuka kwa keki. Dalili zake ni rojo inayong'aa mafuta, inayokatika vipandevipande ukitia mayai, na keki nzito yenye ukingo wa mafuta chini.

Itoe siagi kwenye friji ikiwa imeganda, ikate vipande, ingoje dakika 10 hadi 15. Ukiibonyeza kwa kidole iache shimo bila kidole kuzama wala kung'aa. Bakuli likae juu ya sinia lenye maji baridi ukiwa unapiga. Siagi iliyoyeyuka safarini ikaganda tena iweke kwa kukaangia na kutia kwenye wali. Kwa keki haifai tena.

Samli haibadilishwi gramu kwa gramu. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi na maji karibu asilimia 16, ilhali samli ni mafuta matupu. Gramu 100 za siagi ni gramu 80 za samli na vijiko vya chai vitatu au vinne vya maziwa. Inafaa biskuti na vileja, ambako unga mwororo na harufu ya samli ndivyo vinavyotakiwa. Keki ya kupiga siagi na sukari isamehe.

Hamira huenda mbio huku. Kitabu kilichoandikwa kwenye baridi kikisema kinyunya (unga uliokandwa) kiumuke saa moja na nusu, hapa dakika 40 hadi 50 zaweza kutosha. Kikiachwa muda wa kitabu, kinachacha: kinanuka pombe, kinatandaa, na mahamri hayafuri bali yanakunywa mafuta. Fanya hivi:

1. Punguza hamira kwa theluthi. Ikiwa ni mchana wa jua kali, punguza nusu.
2. Tumia maji au tui la baridi, hata kama kitabu kinasema vuguvugu.
3. Zuia vijiko viwili vya mezani vya maji kwa kila nusu kilo ya unga. Unga uliokaa kwenye hewa ya pwani umeshanyonya unyevu. Utaongeza mwisho ukiona unahitajika.
4. Usitazame saa. Kinyunya kikifika mara mbili ya ukubwa wake, bonyeza kwa kidole kilichotiwa unga. Shimo likirudi polepole na kubaki nusu, kipo tayari. Likirudi haraka, bado. Lisiporudi kabisa, kimepita, kikande tena kidogo na ukipe muda mfupi.

Hamira zenyewe hazilingani. Gramu 21 za hamira mbichi ya bonge ni kama gramu 10 za hamira ya chembe ya kuloweka na gramu 7 za ile ya kuchanganya moja kwa moja na unga. Vitabu vingi vya nje vikisema "pakiti moja" vinamaanisha gramu 7; pakiti ya dukani hapa inaweza kuwa na zaidi, basi soma uzito. Baking poda na magadi ya kuokea pia hazibadilishani kijiko kwa kijiko: magadi yana nguvu kama mara tatu na yanahitaji kitu kichachu, kama maziwa lala au ndimu. Yakizidi, keki huwa na ladha ya sabuni na rangi nyeusi. Kitabu cha Uingereza kikitaka unga unaojiumua, tia vijiko viwili vya chai vya baking poda kwa gramu 150 za unga wa kawaida.

Oveni ya makaa

Wasio na oveni wasiogope sura ya keki. Mkate wa sinia umeokwa kwa moto wa chini na juu tangu zamani, na njia ni ileile. Kinachohitajika ni sufuria nene ya upana wa sentimita 32 au zaidi, mfuniko wa bati au sinia iliyo tambarare, na mchanga mkavu usio na kokoto.

1. Tandaza mchanga wa kina cha sentimita 2 hadi 3 ndani ya sufuria. Weka mawe matatu madogo yaliyolingana.
2. Washa makaa ya kutosha majiko mawili. Vifuu vya nazi ni vizuri kwa kuwashia, lakini moto wake ni mkali na wa muda mfupi, hivyo subiri viishe na mkaa ushike jivu jeupe.
3. Theluthi ya makaa iwe chini, theluthi mbili zipaliwe juu ya mfuniko, nyingi ukingoni na chache katikati.
4. Pasha sufuria tupu dakika 15. Kisha weka ndani kipande cha karatasi nyeupe juu ya kisahani. Baada ya dakika tano ikiwa na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani, ule wa nyuzi 180 hivi. Ikiwa ya kahawia iliyokolea, toa makaa ya chini. Ikibaki nyeupe, ongeza ya juu.
5. Weka tini juu ya mawe, ikiwa na nafasi ya vidole viwili kila upande ili hewa izunguke. Rojo isizidi kina cha sentimita 4.
6. Kila dakika 15 zungusha sufuria robo, na mfuniko robo kwa upande wa pili. Wakati wa kusi upepo hupuliza makaa upande mmoja na upande huo huungua. Kinga kwa bati au ukuta.
7. Usifunue kabla ya dakika 25. Makaa ya juu yakipoa, badilisha bila kuinua mfuniko.

Fanya kazi hii uani au penye hewa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama jiko linaonekana limezimika.

Keki ya kujaribia oveni hii ni ya gramu 200 kwa kila kitu: siagi, sukari, mayai (manne ya kizungu, au matano ya kienyeji), unga. Tia baking poda vijiko vya chai viwili na nusu, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai. Piga siagi na sukari hadi iwe nyeupe, tia mayai kidogokidogo, kunja unga kwa mkono mwepesi. Tini iwe ya sentimita 22 au 23. Kitabu kitasema dakika 30 hadi 35. Kwa makaa tegemea 40 hadi 50. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu, epua.

Ikitoka vibaya, keki yenyewe inaeleza. Chini imeungua na juu mbichi: makaa ya chini yamezidi, au mchanga ni mdogo. Imepasuka juu na kuwa na kilele: moto ulikuwa mkali mwanzoni. Imezama katikati: ulifunua mapema, ulizidisha baking poda, au uliepua kabla haijaiva. Kavu na ngumu bila rangi: moto ulikuwa dhaifu ikakaa muda mrefu.

Kopo la tui na nazi ya kukuna

Vitabu vya nje husema "kopo moja la tui, mililita 400". Hapa mpishi wa Lamu ana kitu bora kuliko cha kitabu, ila kina tabia tofauti. Tui la kopo limechanganywa kwa mashine na mara nyingi hutiwa kitu cha kulishikanisha, hivyo linavumilia kuchemka nusu saa. Tui la kukuna halivumilii, hukatika mafuta yakajitenga.

Chagua nazi kavu iliyo nzito, ukiitikisa maji yasikike, macho yake yasiwe na ukungu wala unyevu. Onja kipande kabla ya kukuna ya pili, maana nazi moja iliyoharibika hutia sufuria nzima ladha ya mafuta ya zamani. Kuna kwa mbuzi ukiishia penye nyama nyeupe. Kwa nazi moja tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu yasiyochoma mkono, kanda dakika mbili, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito. Ongeza vikombe viwili vya maji kwenye machicha, kamua tena: tui jepesi. Badala ya kopo moja, andaa nazi mbili na upime tui zito mililita 400. Pima kinachotoka, kwa kuwa nazi hazilingani.

Kisha badili mpangilio wa kitabu. Panapoandikwa "mimina tui, chemsha dakika 30", pikia kwa tui jepesi dakika hizo, na tui zito litie dakika tano hadi nane za mwisho. Sufuria ikae wazi, moto uwe mdogo, koroga bila kuacha mpaka lifukute, lisitokote. Ukwaju au ndimu vitie baada ya kuepua, au vipike kwenye mchuzi kabla ya tui zito kuingia.

Mapishi ya Thailand ni kinyume chake. Yanataka mafuta ya tui yajitenge ndipo viungo vikaangwe humo. Tui la kopo mara nyingi hukataa; la kukuna hukubali kwa dakika chache. Acha tui zito litulie kwenye friji saa mbili, chota utando mnene wa juu, na ukaangie huo.

Tui lililokamuliwa asubuhi lipikwe mchana. Nje ya friji huchacha upesi kwa joto la hapa.

Samaki wa kitabu na samaki wa gati

Usitafute jina, tafuta tabia ya nyama. Kitabu kikitaja kodi (cod) au samaki mweupe asiye na mafuta mengi, chukua tewa au changu. Tewa ana mapande manene yasiyovunjika kwenye mchuzi. Changu ni bora akiwa mzima. Kikitaja tuna, ni jodari. Kwa mapande ya kuchoma chukua nguru au kolekole, lakini nguru hukauka haraka, hivyo epua mapema. Salmoni haina badala kamili. Pishi la salmoni la kuoka na ndimu hufaa kwa nguru uliyempaka mafuta. Pishi la salmoni mbichi liache.

Muda wa kitabu ni wa unene wa kitabu. Kadiria dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za sehemu nene, kwa moto wa wastani wa juu, na uanze kutazama dakika ya nane. Nyama ikiachana kwa uma na kuwa nyeupe hadi kati, imeiva.

Jodari na nguru wasikae juani hata kidogo. Joto likiwapata kabla ya barafu, huzalisha sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mlaji hupata wekundu usoni, mwasho na kichwa kuuma ndani ya muda mfupi, hata kama samaki hakunuka. Ukionja ukahisi ukali kama wa pilipili ulimini na hakuna pilipili, mtupe.

Visivyopatikana, na visivyoliwa

Mvinyo mweupe kwenye mchuzi badilisha kwa supu ya kiasi hichohicho pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu au siki kwa kila kikombe. Vanila ya maji mara nyingi imeyeyushwa kwenye pombe, hivyo asiyetaka atumie ya unga au iliki. Jelatini ikiwa haijaandikwa halali, tumia agari, ile inayogandisha faluda: kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwa kikombe kimoja cha maji au maziwa. Ichemke dakika mbili hadi tatu, la sivyo haigandi. Ikishaganda haiyeyuki mezani kama jelatini, na hilo kwa joto la Lamu ni faida.

Maziwa ya siagi ya vitabu vya Marekani ni kazi ya maziwa lala. Krimu chachu ni mtindi uliochujwa kwa kitambaa saa tatu kwenye friji. Limau moja la kitabu hutoa vijiko vitatu vya mezani vya maji. Ndimu ndogo za hapa zaweza kuhitajika mbili.

Kuandika pembeni, na kupikia wengi

Mara ya kwanza pika kipimo kilekile au nusu yake, wala usibadili zaidi ya lile lisiloepukika. Ukibadili unga, moto na sukari kwa pamoja, hutajua kipi kimeharibu. Andika ukingoni mwa ukurasa: tarehe, kaskazi au kusi, gramu ulizotumia, dakika ulizopika, na alichosema aliyekula.

Ukitaka kuzidisha kwa ajili ya karamu, nyama, mchele na vitunguu vinazidishwa moja kwa moja. Viungo vikali, hasa karafuu, mdalasini na pilipili mbuzi, tia kwanza robo tatu ya kiasi ambacho hesabu hiyo ingetoa, kisha onja mchuzi. Maji ya wali hayafuati hesabu hiyo, kwa sababu sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo. Mchele vikombe viwili ukitaka tui vikombe vitatu, vikombe kumi havitaki kumi na tano: anza na kumi na tatu, na weka kikombe cha tui jepesi la moto pembeni, umwagie kwa mkono kabla ya kufunika na kupalia makaa.